MZIGO WA MTU NI WAKE
Waraka wa kubainisha kosa, kusudi na dhamana

Sifa njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyo vifuani, asiyemdhulumu mja wake hata uzani wa chembe. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hata siku ya malipo.

Ama baada ya haya. Enyi ndugu Waislamu, yako maradhi ambayo mtu mzima hudhani aliyaacha utotoni, kumbe yu nayo mpaka mvi zimemjaa. Maradhi yenyewe ni kumtafuta mkosa kwa kutazama vigae. Palipo na vigae vingi husemwa pana dhambi kubwa, na aliyesimama karibu na vigae husemwa ndiye mwenye dhambi. Waraka huu wakusudia kueleza asili ya maradhi hayo, na dawa yake katika sharia, kisha khabari ya mji mmoja wa bara uitwao Ulyankulu, ambao mara mbili umeona matunda yake machungu.

HUKUMU YA WADOGO

Tuseme chuoni pana watoto wawili. Wa kwanza ametumwa na mwalimu akalete maji ya kufutia mbao. Arudipo mbio kwa utiifu ajikwaa, aangukia penye vidau vya wino, vidau sita vyote vikamwagika juu ya mkeka mpya. Wa pili amemhusudu mwenziwe kwa kuwa amesifiwa kusoma vizuri. Basi amvizia akiondoka, atia tone moja la wino juu ya juzuu yake, apangusa mikono, akaa kimya. Waulizwe wadogo wa chuo hicho: katika wawili hawa, mbaya zaidi ni nani? Wengi watamnyoshea kidole yule wa vidau sita. Na hoja yao ni moja tu: "Mkeka wote umeharibika!"

Mtaalamu mmoja wa nchi ya Uswisi, Jean Piaget, aliyachunguza mambo haya, akachapisha kitabu chake mwaka 1932. Aliwasimulia watoto visa viwili. Mtoto mmoja ameitwa kula, afungua mlango, hajui kuwa nyuma yake pana kiti, na juu ya kiti sinia ya vikombe 15, vyavunjika vyote. Mwingine, mamaye ametoka, apanda kabatini kudokoa jamu, avunja kikombe kimoja. Katika watoto wadogo wengi walisema mwenye vikombe 15 ndiye mwovu zaidi. Waliokwisha kukua kidogo waligeuka, wakauliza kila mmoja alikuwa ataka kufanya nini. Wataalamu waliokuja baadaye wakaonyesha kuwa hata mtoto wa miaka mitatu au minne aweza kuitazama niya, ikiwa ataelezwa waziwazi.

Na mwaka 2016 kundi la wataalamu lilitangaza uchunguzi uliofanywa katika jamii 10 za ulimwengu, Wahadza wa Tanzania wakiwamo. Ikaonekana kuwa uzito upewao niya katika kuhukumu khitilafu na madhara wakhitalifiana baina ya jamii na jamii. Hapa pana funzo: kukua kwa mwili peke yake hakumfundishi mtu kuhukumu. Kuitazama niya ni jambo la malezi. Ndiyo maana Imam Nawawi aliitanguliza hadithi ya niya mbele ya hadithi zote za Arubaini zake, na watoto wa pwani huihifadhi kabla ya kuijua maana yake. Kuihifadhi ni wepesi. Taabu ni kuikumbuka siku kikombe kinapovunjika.

UTOTO WA WATU WAZIMA

Manahodha wawili watoka bandari moja. Wa kwanza amekagua chombo chake, ameziba kila ufa, amengoja wakati wa pepo njema. Lakini dhoruba yamkuta njiani, chombo chapanda mwamba, mali ya matajiri yazama. Wa pili ameng'oa nanga hali chombo chavuja, tena ameuacha usukani mikononi mwa kijana asiyejua, mwenyewe akalala. Kwa kudura ya Mungu pepo zampeleka salama hata bandarini. Wa kwanza apokewa kwa matukano na kuitwa mzembe. Wa pili apokewa kwa kahawa na haluwa na kuitwa hodari. Walio barazani ni watu wazima wenye ndevu, walakini hukumu yao ni ile ile ya watoto wa vidau sita: vigae havikuonekana, basi na kosa halikuonekana.

Upande wa pili uko utoto mwingine, ambao ni kinyume cha huo. Mtoto akivunja kitu husema, "Sikukusudia," akadhani neno hilo limekwisha kuunga vigae. Na watu wazima wangapi husema hivyo hivyo! Mbuzi wa mtu wamelala konde la jirani, wamemaliza muhogo wake. Jirani ajapo kudai, mwenye mbuzi asema, "Mimi sikuwatuma." Naam, hakuwatuma, lakini muhogo umeliwa, na wana wa jirani watalala njaa. Huyu ameishika niya kuwa ngao ya kukingia mfuko wake.

Basi wako waamuzi wawili waliopotea. Mmoja ahukumu moyo kwa kuhesabu vigae. Wa pili akataa kulipa vigae kwa kutaja moyo. Na wote wawili wamekosea mahali pamoja, nao wamechanganya hesabu mbili ambazo sharia imezitenga.

HESABU MBILI

Hesabu ya kwanza ni ya dhambi, nayo ni baina ya mja na Mola wake. Hii hupimwa kwa niya na uwezo. Katika Suratul Ahzab Mwenyezi Mungu amebainisha kuwa hapana lawama juu ya waja katika walilolikosea, illa katika lile ambalo nyoyo zao zimelikusudia. Na Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa kalamu ya kuandika dhambi imeondolewa kwa watu watatu: aliyelala hata aamke, mtoto hata abaleghe, na mwenye wazimu hata arejewe na akili. Na amefundisha tena kuwa umma huu umesamehewa kukosea, kusahau, na lile walilotezwa nguvu.

Kubaleghe, katika madhehebu ya Imam Shafii, ni kwa kutimiza miaka 15 ya mwezi, au kwa kudhihiri alama zake kabla ya hapo. Mtoto wa miaka saba huamrishwa kusali, na wa miaka kumi hutiwa adabu akiacha. Lakini adabu hiyo ni mazoezi ya kumwandaa. Amwonaye mtoto kuwa amekwisha andikiwa dhambi amemtwika mzigo ambao Mola hakumtwika.

Hesabu ya pili ni ya dhamana, nayo ni baina ya mja na mja. Hii hupimwa kwa khasara iliyotokea. Mtu amelala, ajigeuza usingizini, avunja mtungi wa jirani: dhambi hana, walakini mtungi adhamini. Mtoto avunja chombo cha watu: dhambi hana, walakini thamani yake hutoka katika mali ya mtoto mwenyewe ikiwa anayo, na walii wake ndiye atoaye kwa niaba yake. Kwa nini? Kwa sababu haki ya mwenye mtungi haikupungua kwa kuwa aliyeuvunja alikuwa usingizini. Ametoka kuteka maji, hana cha kuchotea. Usingizi wa jirani haumtii maji ndani ya nyumba.

Na kinyume chake pia ni kweli. Mtu amekwenda usiku kulitia moto duka la mshindani wake, amekwisha kuwasha, mvua ikanyesha ikauzima kabla haujashika kitu. Dhamana hana, kwani hakikuungua kitu. Ama dhambi ya azma yake iko pale pale, haikuzimwa na mvua. Mtume (S.A.W.) alipotaja Waislamu wawili waliokutana kwa panga, alisema muuaji na aliyeuawa wote ni wa motoni. Akaulizwa, huyu aliyeuawa ana kosa gani? Akabainisha kuwa naye alikuwa na pupa ya kumwua mwenziwe.

Katika kuua nafsi wanavyuoni wamepanga daraja tatu: kuua kwa kusudi, kuua kunakofanana na kusudi, na kuua kwa khata, kama atupaye mshale kwa mnyama ukampata mtu. Maiti ni mmoja katika hali zote tatu, na kilio cha mjane ni kile kile. Lakini hukumu ni mbalimbali. Na kwa kuwa binadamu hana darubini ya kuona moyo, kadhi hutazama alama za nje: ametumia chuma kinachoua kwa kawaida, au kifimbo chepesi ambacho kwa kawaida hakiui? Usama bin Zaid alipomwua vitani mtu aliyetamka shahada, akijitetea kuwa mtu yule ametamka kwa kuogopa silaha, Mtume (S.A.W.) alimkaripia sana, akamwuliza kama alimpasua moyo akaona. Asiyeweza kuupasua moyo na aogope kuuhukumu kwa haraka.

HUKUMU YA MTOTO ILIYOMSHINDA MZEE

Hapana budi kukumbusha hapa kisa cha Nabii Daud na mwanawe Nabii Suleiman, kilichotajwa katika Suratul Anbiyaa. Kondoo wa watu waliingia usiku katika konde la mtu wakaliharibu. Wafasiri wasimulia kuwa Daud alihukumu kondoo wapewe mwenye konde, kwa kuwa thamani yao ililingana na khasara yake. Suleiman, naye wakati ule, kwa riwaya ya wafasiri, ni mtoto wa miaka 11, akaona hukumu iliyo na huruma zaidi kwa wote wawili. Mwenye konde apewe kondoo anufaike kwa maziwa na sufi zao. Na mwenye kondoo alishughulikie konde hata lirudi kama lilivyokuwa. Kisha kila mmoja arejeshewe mali yake. Mwenyezi Mungu akasema kuwa Suleiman ndiye aliyemfahamisha hukumu hiyo, na wote wawili akawasifu kwa elimu.

Tazameni uzuri wake. Hakumwambia mwenye kondoo kuwa yeye ni mwizi, kwani hakuiba. Wala hakumwachilia kwa kuwa hakukusudia. Amemtia jembe mkononi akalitengeneze aliloliharibu. Katika madhehebu ya Shafii hukumu ya wanyama huenda kwa mwendo huo wa uadilifu: wakiharibu konde usiku, mwenyewe hudhamini, kwani usiku ni wakati wa kufunga wanyama, wakiharibu mchana hali wamejiendea wenyewe, hadhamini, kwani mchana ni juu ya wenye makonde kulinda. Kila mtu ametwikwa alichoweza kukichunga, katika saa aliyoweza kukichunga.

KHABARI YA ULYANKULU, MWAKA 1871

Pengine msomaji atasema kuwa haya ni mambo ya mitungi na mbuzi. Basi na asikilize khabari ya njia waliyoipita babu wa watu wa pwani, kutoka Bagamoyo hata Tabora, na kutoka Tabora hata Ujiji.

Ulyankulu iko Unyamwezi, magharibi ya kaskazini kutoka Tabora. Mwaka 1871 ilikuwa katika milki ya Mtemi Mirambo. Henry Morton Stanley, ambaye alikuwako, akafuatana na Waarabu wa Tabora katika vita vile, ameandika kuwa Mirambo aliuzuia msafara uliokuwa waenda Ujiji, akadai mapipa matano ya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo. Alipokwisha kulipwa akawaamuru warudi walikotoka. Mirambo naye alikuwa na madai yake juu ya wafanyi biashara wa Tabora, akisema kuwa wamemdhulumu. Pande mbili zilikuwa na daawa, na daawa yataka mwamuzi. Badala ya mwamuzi zikashikwa bunduki.

Mwezi wa Agosti jeshi la Tabora likatoka. Kijana Saud bin Said bin Majid, mwana wa tajiri mkubwa wa Ujiji, aliongoza watu kama 500 kwenda Ulyankulu yenyewe. Wakaupiga mji wakauingia, Mirambo akatoka kwa upande mwingine. Wakateka pembe za ndovu, marobota ya nguo, na watu kwa mamia wakawafanya watumwa. Jioni wakarudi wameelemewa na mateka. Mirambo alikuwa amewavizia njiani majanini. Akawainukia, akamwua Saud pamoja na Waarabu aliokuwa nao. Khabari ilipofika kwa wenzao waliongoja Zimbizo, hofu ikawaingia, wakakimbia ovyo, wagonjwa na majeruhi wakaachwa nyuma. Tarehe 22 Agosti Mirambo akaja Tabora yenyewe, akachoma sehemu ya mji. Khamis bin Abdallah alitoka kumkabili. Watumwa aliotoka nao wakamwacha, naye akauawa, yeye na mwanawe wa kulea.

Sasa waliobaki wakaanza kuulizana: lawama ni ya nani? Watu wa Tabora walisema ni ya Mirambo. Mirambo alisema ni ya watu wa Tabora. Stanley aliwalaumu wenziwe kwa woga na kukosa shauri. Said bin Majid, ambaye kifo cha mwanawe kilimchoma moyo, alitoka Ujiji mwisho wa mwaka ule na watu wake kwenda kulipiza kisasi. Na wengine waliwatupia lawama watumwa wa Khamis kwa kumkimbia bwana wao. Kila mmoja alitazama vigae vyake mwenyewe, akahukumu kwa wingi wake.

Mwenye kupima kwa mizani ya sharia hakusanyi haya yote chungu moja. Aliyetwaa ushuru kisha akaufunga njia msafara uliokwisha lipa, huo ni mzigo wake. Aliyedhulumu katika biashara, ikiwa yuko, huo ni mzigo wake. Aliyemwacha mgonjwa njiani hali aweza kumchukua, huo ni mzigo wake. Ama mtumwa aliyetolewa vitani pasipo hiari yake, ambaye hata mwili wake si wake, akakimbia kuokoa roho yake, wapi pana mzigo wa kumtwika? Aliyetezwa nguvu amesamehewa hata katika makubwa kuliko hayo.

Na wako ambao hawakutajwa katika maulizano yale hata kidogo: watu wa Ulyankulu waliofungwa kamba siku ile. Mwanamke aliyekuwa atwanga, mzee aliyekuwa kivulini, mtoto aliyekuwa achunga mbuzi. Wao hawakufunga njia. Hawakudai baruti wala nguo. Kosa lao lilikuwa kukaa katika mji wa Mirambo. Waliowateka walikuwa ni watu wasomao Qur'ani, nao walipita nayo aya isemayo kuwa nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine. Maana hiyo imekaririwa katika zaidi ya sura moja. Katika Sura ya Fatir imeongezwa kuwa nafsi iliyoelemewa hata ikiita msaada wa kuchukuliwa mzigo wake, haitachukuliwa kitu, ijapokuwa aitwaye ni jamaa wa karibu.

Na ajabu ni kuwa njia ile ndiyo iliyowafunza watu maana ya mzigo. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua frasila mbili begani kwa miezi mitatu. Katika msafara kila mtu aliujua mzigo wake, na mzigo ukipotea aliulizwa aliyeuchukua. Hapana msafiri aliyekubali mtu wa ushanga aulizwe juu ya robota la nguo lililopotea mikononi mwa mwingine. Katika nguo na shanga walikuwa waadilifu kwa dhiraa na ratili. Katika damu na uhuru wa watu wakawa hawana mizani.

SHAKA NA JAWABU LAKE

Pengine mwanafunzi wa fiqhi atauliza: mbona sharia imeiweka diya ya kuua kwa khata juu ya akila, nao ni jamaa wa kiume wa upande wa baba? Je, hao hawakubebeshwa mzigo wa mwenzao?

Jawabu ni kuwa swali hili, likitazamwa vema, lathibitisha yaliyotangulia. Kwanza, akila hulipa pale ambapo muuaji hana dhambi ya kusudi. Mtu akiua kwa kusudi, akila hawachukui kitu. Diya ikikubaliwa badala ya kisasi hutoka katika mali yake mwenyewe. Ingalikuwa jamaa wabeba dhambi, wangalibeba pale dhambi ilipo kubwa. Pili, malipo yao yamefanywa mepesi: hugawanywa kwa miaka mitatu, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, na fakiri hatoi. Huo ni mwendo wa msaada na kusaidiana. Tatu, kafara ya kuua, nayo ni kumwacha huru mtumwa mwenye imani, au kufunga miezi miwili mfululizo kwa asiyepata, haihamishwi kwa jamaa hata kidogo. Fedha yaweza kuchangiwa, kujitakasa hakuchangiwi.

Desturi ya kuua mtu kwa ajili ya kosa la jamaa yake ni ya zama za Jahiliya. Mtume (S.A.W.) aliikomesha katika hotuba yake ya kuaga huko Arafa, akaanza kwa kisasi cha jamaa yake mwenyewe, akakitangua. Na alifundisha katika hija hiyo kuwa mkosa hujikosea nafsi yake. Mzazi hachukui kosa la mwanawe, wala mwana hachukui kosa la mzaziwe.

ULYANKULU MARA YA PILI

Yapata karne moja baada ya vita vya Mirambo, Ulyankulu ikaona tena watu walioelemewa na mzigo usio wao. Mwishoni mwa Aprili 1972 yalitokea maasi kusini mwa Burundi, na watu wakauawa katika maasi hayo. Kisha utawala wa wakati ule na jeshi lake ukawageukia Wahutu kwa maelfu, hata wale wasiojua lolote la maasi. Watumishi wa serikali, waalimu na wanafunzi walitolewa kazini na madarasani, na wengi hawakurudi. Hawakuulizwa walilolitenda, kabila lao lilikuwa ushahidi tosha. Makumi ya maelfu wakakimbilia Tanzania, na mwaka huo huo 1972 Ulyankulu ikafanywa makazi yao. Baadaye zikafuata Katumba na Mishamo.

Wakakata msitu, wakalima, wakazaa. Mtoto aliyezaliwa huko mwaka 1980 hakuvuka mpaka wowote, wala hakuiona Burundi; hata hivyo alirithi jina la mkimbizi kama mtu arithivyo deni. Mwaka 2014 ndipo hati za uraia wa Tanzania zilipoanza kutolewa kwa watu 162,156 wa makazi hayo matatu. Miaka 42 ilikuwa imepita. Walakini karatasi huondoa jina ofisini; kuliondoa midomoni mwa watu ni kazi ya nyoyo.

Wala asidhani mtu wa pwani kuwa maradhi haya ni ya bara peke yake. Kuku akipotea mtaani, wa kwanza kutajwa ni mgeni. Kijana mmoja akiiba, husemwa, "Watu wa kwao ndivyo walivyo." Binti akikosea, wadogo zake hawaposwi. Baba alikuwa mlevi, na mwanawe aliyeshika msikiti bado huitwa mwana wa mlevi. Haya yote ni Ulyankulu ndogo ndogo, zimejengwa barazani kwa maneno bila bunduki.

WASIA

Yampasa Mwislamu kabla ya kutupa lawama ajiulize maswali matatu, moja baada ya moja, asiyachanganye.

La kwanza: ni nani hasa aliyetenda? Amtaje kwa nafsi yake, asitaje kabila wala ukoo. Asipomjua, anyamaze.

La pili: alikusudia nini, na aliweza nini? Je, ni mtoto au mtu mzima? Alijua au hakujua? Alikuwa na hiari au ametezwa nguvu? Na pale moyo usipodhihirika, dhana njema hutangulia.

La tatu: nani amepatwa na khasara, na nani wa kuitengeneza? Swali hili liulizwe hata kama jawabu la pili limemtakasa mtendaji. Aliyepotelewa asiachwe na mikono mitupu kwa kuwa mwenziwe ana moyo safi.

Na mwenye mtoto nyumbani ana nafasi ya kuyafunza haya kila siku. Mtoto akivunja kitu, baba hukimbilia fimbo kwa kadiri ya bei ya kitu: sahani ya Kichina fimbo tano, kikombe cha bati moja. Kwa fimbo hizo amemfundisha kuwa Mungu hutazama bei. Kesho atajifunza kuficha vigae, na kesho kutwa kumsingizia mdogo wake. Baba mwenye busara hukaa chini akamwuliza, "Ulikuwa wataka kufanya nini?" akalisikiliza jawabu. Ikiwa alikosea, amwambie waziwazi kuwa hana kosa la moyo. Ikiwa alikusudia ubaya, amtie adabu kwa ule ubaya, ijapokuwa hakikuvunjika kitu. Kisha, katika hali zote mbili, amshike mkono wakaokote vigae pamoja, na mtoto atumwe kwa jirani kuomba radhi na kupeleka badala yake. Mtoto aliyelelewa hivyo, akija kuwa kadhi, au nahodha, au mkuu wa watu, hatamfunga mwanamke atwangaye kwa kosa la mtemi wake.

KHATIMA

Siku ya Kiyama hapana mpagazi wa kukodi. Tajiri hatapata wa kumchukulia, wala mwenye ukoo mkubwa hatagawanya mzigo wake kwa binamu zake. Mja atakuja peke yake na alichokibeba, kikiwa chepesi au kizito. Amtwikaye mwenziwe duniani mzigo usio wake ataukuta umerudi mgongoni mwake mwenyewe, kwani kusingizia pia ni dhambi, nayo ina uzito.

Ewe Mola, usituandikie tulilolisahau na tulilolikosea, wala usitutwike tusiloliweza. Tupe macho ya kuona makosa yetu kabla ya kuona ya wenzetu, na ulimi mzito wa kulaumu, na mkono mwepesi wa kulipa. Warehemu waliokufa katika njia ya Ulyankulu bila ya hatia, waliotangulia na waliofuata, na uwaongoze wana wao na wana wetu kwenye uadilifu. Amin.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.